Damu ya Filamu na Shati la Baba

Nilijua siri za filamu arobaini na mbili kabla sijaona hata moja. Msinicheke. Nilijua kwamba mvua ya usiku, pale mpelelezi anaposimama chini ya taa na kuvuta sigara, ilikuwa maji ya bomba la mpira yaliyotiwa maziwa ili yaonekane kwenye kamera. Nilijua kwamba bastola nyingi zilikuwa za mbao zilizopakwa rangi, na kwamba jambazi mmoja mfupi alipandishwa juu ya kasha kila alipotakiwa kumbusu mwanamke. Nani aliyenyeshewa, nani aliyebusiwa na kwa nini walikuwa wanauana, hayo sikuyajua. Vitabu havikueleza, maana viliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuziona filamu zenyewe.

Vitabu vilikuwa vitatu, vya mfululizo mmoja, vyenye jalada jeusi na picha ya kofia. Vilikuja katika kasha la msaada kutoka Ulaya, kwenye maktaba ya shule moja ya Mvara, pale Arua, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na mwalimu wa maktaba alikuwa amenichukua nimsaidie kupanga. Shule iliomba vitabu vya hesabu na kemia. Tulipofungua kasha tukakuta jinsi ya kuoka keki ya Krismasi, jinsi ya kutunza farasi, na hivi vitatu vya mambo yaliyofichwa nyuma ya pazia katika filamu za zamani za uhalifu. Mwalimu alivigeuza mkononi, akasonya, akaniambia nivitie rafu ya chini kabisa ili panya wavisome. Nikavitia kwenye mkoba wangu.

Sijawahi kusoma kitu kwa uroho kama ule. Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya makosa. Mtu anafungua mlango, saa ya ukutani inaonyesha saa nne. Anaufunga, saa inaonyesha saa nane. Sigara inafupika, halafu inarefuka. Maiti inapepesa macho. Mwandishi hakuamini kitu, na mimi nilizaliwa vivyo hivyo. Mama alikuwa akisema kwamba nilipokuwa mchanga nililichungulia ziwa kwanza ndipo nikanyonya. Kitabu kilinifundisha njia: usimtazame anayesema, tazama vitu vilivyo nyuma yake, kwa sababu mwongo hukumbuka maneno akasahau kofia. Na nyumbani kwetu palikuwa na mtu wa kutazamwa.

Hapa lazima nieleze. Baba yangu alikuwa askari, na mimi nilizaliwa kambini, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili cha kambi kuliko lugha ya babu zetu. Mwaka wa sabini na tisa serikali ya kijeshi ilipoanguka, watu wa Koboko walianza kuvuka mpaka, na sisi tukavuka kwenda Sudan, mama akinishika mkono. Nilikuwa na miaka sita. Baba alibaki nyuma na rafiki yake, askari mwenzake. Miezi ikapita. Kisha yule rafiki akatokea peke yake pale tulipokuwa tumepiga hema, amebeba furushi. Ndani yake mlikuwa na shati la khaki la baba, lenye doa kubwa la damu kifuani. Alisema baba alipigwa risasi njiani, na kwamba yeye mwenyewe alimzika kando ya barabara.

Siku zile waliopotea walikuwa wengi, na wazee wetu walikuwa na kanuni yao: mtu aliyefia mbali haliliwi mpaka kiletwe kitu alichokuwa amevaa. Bila kitu hicho hapana matanga, na mke wake si mjane. Atakaa hivyo hivyo, si mke wala si huru, hata miaka ishirini. Shati likatandazwa juu ya mkeka, watu wakalia, mama akakaa eda miezi minne na siku kumi. Mwaka uliofuata akaolewa na yule aliyelileta shati.

Nilimwita Ami, kama watoto wa kambini walivyowaita marafiki wa baba zao, na hata alipokuwa mume wa mama sikubadili. Tuliporudi Uganda alifungua bucha Arua mjini. Walizaa watoto wawili wa kike, wadogo zangu, ambao wakati wa habari hii mmoja alikuwa na miaka tisa na mwingine saba. Ami hakuwahi kunipiga. Alinilipia shule kuliko baba wengi walivyowalipia watoto wao wa damu. Kila alipochinja aliniwekea kipande cha ini, akakifunga kwenye jani la mgomba, akasema hiki ni cha mwanafunzi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionitia shaka.

Wageni wakija kutoka Koboko au ng'ambo ya mpaka, hawakosi kuuliza habari ya marehemu, na Ami hulazimika kusimulia upya. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile mara nyingi kiasi cha kuisinzia. Baada ya kusoma vitabu vyangu niliacha kusinzia. Nilikaa mlangoni na bakuli la mboga mapajani, nikasikiliza kama mwandishi yule wa makosa. Mara hii barabara ilikuwa na tope, mvua imenyesha tangu alfajiri. Mwezi uliofuata, kwa wageni wengine, vumbi lilikuwa jingi hata hawakumwona aliyepiga risasi. Siku moja alichimba kaburi kwa jembe aliloazima, siku nyingine kwa kisu cha bunduki. Na kila alipofika mahali pa kumzika baba alitoka jasho, akaomba maji, na mama akampa bila kumtazama usoni.

Wageni walipangusa machozi. Mimi nilikuwa nahesabu makosa.

Ndipo nikafika sura ya damu. Kitabu kilisema damu ya filamu ilipikwa kwa sukari na rangi, na kwamba waigizaji wa maiti walikuwa wakitambaliwa na sisimizi huku wamekatazwa kujikuna. Nikacheka. Ukurasa wa pili sikucheka. Ulisema kwamba ghalani kuna nguo za filamu za tangu zamani sana ambazo bado ni nyekundu, na kwamba ndivyo unavyoweza kuitambua damu ya uongo, kwa sababu damu ya mtu haikai nyekundu, huwa kahawia na mwisho karibu nyeusi. Nilisoma maneno hayo nimeketi jikoni, na mbele yangu, kwenye karai, mama alikuwa ameloweka aproni ya Ami ya bucha katika maji baridi na chumvi. Doa la jana lilikuwa kahawia. La wiki iliyopita, lile lililokataa kutoka, lilikuwa jeusi.

Siku iliyofuata mama alipokwenda sokoni nililivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda chake. Shati lilikuwa chini kabisa, limekunjwa ndani ya kanga, linanuka vidonge vya nondo. Nilikuwa nimeliona mara moja tu, utotoni, katikati ya vilio. Nikalitandaza sakafuni, nikaweka aproni kando yake. Miaka zaidi ya kumi, na doa la baba lilikuwa jekundu, na pembeni limeingia zambarau kidogo. Nililikunja ovyo, si kama nilivyolikuta, nikalirudisha sandukuni.

Nilijua nini cha kufikiri, na nilikifikiri haraka sana. Shati ni la uongo, basi hadithi ni ya uongo. Anayesema uongo juu ya kifo anaficha namna kilivyotokea. Na nani aliyepata faida? Aliyepata mke. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na wetu alikuwa amekuja na nguo yenyewe mkononi. Niliamini kabisa kwamba mtu aliyekuwa akila nasi sinia moja alikuwa amemuua baba yangu. Kwa wiki tatu ini langu nilimpa paka. Ami aliona, akauliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, tumbo, na nilimchukia kwa kuuliza kwa upole.

Mama sikumwambia. Niliona kwamba ama amedanganywa, nitamvunja moyo, ama anajua, na hilo sikuweza hata kulitazama. Nikatafuta mtu wa damu ya baba. Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa akiishi Lurujo, analima tumbaku na mihogo, naye alikuwa askari mstaafu kama wote. Nikapanda lori la Koboko na kitabu kwenye mkoba, kutoka Koboko mjini nikatembea kwa miguu. Nilimkuta akipanga majani ya tumbaku kwenye vijiti vya kukaushia. Aliniacha nimalize yote. Halafu akaomba aone kitabu.

Nilimwonyesha picha mbili. Katika ya kwanza mtu wa suti amelala kando ya gari, kifua chote damu. Katika ya pili, mtu yule yule, suti ile ile na damu ile ile, ameketi kwenye kiti akicheka na kikombe mkononi.

"Huyu mutu amekufa?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Ni yeye huyu hapa, anakunywa chai."

"Na hii damu?"

"Sukari na rangi."

Alizipapasa picha zile. Kidole chake kilikuwa cheusi kwa utomvu wa tumbaku, na kiliacha alama juu ya yule anayecheka.

"Mimi hapana ona ile shati hata siku moja," alisema. "Mimi nilikimbia upande ya Zaire. Walituma habari tu, nikalia kule kule." Akafunga kitabu. "Ijumaa mimi nakuja na shehe. Kama huyu mutu aliua ndugu yangu, atasema. Na kama ndugu yangu iko mzima, basi mama yako iko na bwana wawili, na ile watoto ndogo iko watoto ya haramu. Nitasema mbele ya msikiti."

Niliitikia ndiyo, Baba Mkubwa. Nilikuwa tayari njiani kurudi, juu ya magunia ya lori, ndipo maneno yake ya mwisho yalipoanza kunichoma. Nilikwenda kumshtaki muuaji. Nilichokuwa nimefanya ni kuwaweka wadogo zangu wawili mbele ya msikiti. Na mpaka dakika ile, naapa, haikuwa imenijia akilini kwamba baba angeweza kuwa hai. Mambo yote ya vitabu vyangu yalikuwa mauaji.

Alhamisi jioni nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta simsim, yaani ufuta, uani. Nilisema yote: aproni, sanduku, Lurujo, Ijumaa. Ungo haukusimama mpaka nilipolitaja jina la baba mkubwa.

"Wewe ulipeleka hii maneno Lurujo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya kuuliza mimi."

Niliinama nikaokota punje zilizomwagika. Mama aliweka ungo chini, akachungulia ndani kama Ami yumo. Hakuwamo.

"Wewe unajua damu kutoka kwa kitabu," alisema. "Mimi nilifua nguo ya askari miaka tisa. Ile siku alifungua ile shati, mimi nilinusa. Ilikuwa rangi ya mikeka. Ile ya paketi, wanawake wanachemsha na majani ya kusuka. Ile wakati ya njaa, nani alikuwa na hata kuku ya kuchinja?"

"Ulijua?"

"Nilijua mbele ya kilio kuanza."

"Sasa ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu nilijua."

Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Baba alipata mwanamke mwingine upande wa Maridi, huko huko Sudan. Mama mmoja muuza samaki alimwona kule kwa macho yake, mzima, ananenepa, na yule mwanamke ana mtoto mgongoni. Baba aliogopa kuja kumwambia mama kwa mdomo wake, basi akamtuma rafiki yake na shati. Askari wengi walikufa namna ile mwaka ule, mama alisema, na wachache wao ndio walizikwa.

"Ile shati ndiyo talaka yangu. Nilikaa eda, nilimaliza. Mutu aliyejiua yeye mwenyewe, mimi nimfufue ya nini?"

"Na Ami?"

"Ami yako anafikiri alinidanganya. Miaka yote anafikiri vile. Wageni wanakuja, anatoa jasho, anasema ile uongo, juu ya heshima yangu. Hapana jua kusema uongo hata kidogo." Hapo karibu atabasamu. "Wacha afikiri."

Akachukua ungo wake. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Nililala na hasira, lakini haikuwa tena juu ya Ami. Nilikuwa nimemlilia baba miaka kumi na zaidi. Nilimwombea kila sala. Nilikuwa na kaburi kichwani mwangu, kando ya barabara, na hata mti nilikuwa nimeuotesha pale. Na yeye alikuwa amekaa Maridi na chai yake, kama yule wa kwenye picha.

Ijumaa walikuja baada ya sala, baba mkubwa, shehe na wazee wawili. Walivua viatu, wakaketi mkekani. Ami alikuwa amerudi kutoka msikitini pamoja nao bila kujua kilichowaleta. Alipoambiwa lete shati, uso wake ukawa wa majivu. Mama akaleta. Baba mkubwa akamwambia asimulie. Ami akaanza: palikuwa na mvua. Akanyamaza. Akasema, hapana, palikuwa na vumbi. Akatazama mikono yake. Sijapata kumwona mtu mzima amekwama namna ile, na kwa mara ya kwanza makosa yake hayakunifurahisha.

Baba mkubwa alikuwa amelitandaza shati mapajani. Akapitisha kidole gumba juu ya doa, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akakinusa kidole. Nikakumbuka, nimechelewa, kwamba mtu huyu alikuwa sajini miaka kumi na mitano na alibeba maiti kwa mabega yake. Nilikuwa nimempelekea kitabu cha Kizungu kumfundisha damu.

"Binti, tusomee," shehe akasema. "Kitabu inasema nini?"

Katika chumba kile hapakuwa na mwingine aliyesoma Kiingereza. Nilifungua ukurasa wangu. Maneno yalikuwa pale pale, mafupi na wazi. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kitabu kinasema damu inayopigwa na jua ndiyo inakuwa kahawia," nikasema. "Ikifungiwa ndani ya sanduku ya bati na vidonge vya nondo, inabaki nyekundu. Hata miaka ishirini."

Ami aliinua macho. Mtu wa bucha, anayeosha damu kila siku ya Mungu. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, na nikaona anaanza kuelewa jambo ambalo hakulijua kwa miaka kumi.

"Juzi wewe hapana soma vile," baba mkubwa alisema.

"Juzi niliruka ukurasa, Baba Mkubwa. Kiingereza yao ni ngumu. Nisamehe."

Alininyooshea mkono. Nikampa kitabu. Aliutazama ukurasa ule ambao hakuweza kuusoma, akautazama kwa makini, mstari kwa mstari, huku shati likiwa chini ya kiwiko chake. Nilingoja aseme. Mdogo wangu wa mwisho akaingia na birika na beseni, maana chakula kilikuwa tayari na yeye hakuambiwa lolote. Alipiga magoti mbele yake. "Baba Mkubwa, karibu maji." Hakuwa wa damu yake hata tone, na alimwita hivyo kwa sababu mimi nilimwita hivyo.

Baba mkubwa alimtazama mtoto yule. Sidhani kwamba nilimdanganya. Hakuna sajini anayeweza kudanganywa juu ya damu. Nadhani alikuwa ameelewa, pale aliponusa kidole, kwamba hapakuwa na muuaji, na kwamba aliyetenda jambo la aibu alikuwa ndugu yake. Alinawa mikono, polepole, vidole vyote. Akalikunja shati akamrudishia mama.

"Kama kitabu inasema vile, imesema," alisema. "Shehe, tuombee ndugu yangu. Mungu amrehemu."

Yeye ndiye aliyeinua viganja kwanza. Wazee wakafuata, kisha Ami, machozi yakimtoka bila kuyapangusa. Shehe akaanza kumwombea marehemu kaburi pana na nuru. Mama alikuwa akinitazama mimi tu. Nikainua viganja vyangu nikaitikia amina kwa sauti, kila mahali pa kuitikia, kumwombea baba yangu ambaye saa ile ile, Maridi, huenda alikuwa ananawa mikono ale chakula cha mchana.